Siku tatu barabarani kwa saa moja ya mazoezi

Na Mwandishi Wetu

SAFARI huanzia majini. Mama wa kisiwa cha Nkombo mwenye mtoto asiyeweza kukaa hutoka nyumbani kabla ya jua, mtoto mgongoni, mfuko wa nguo begani, karatasi ya rufaa imekunjwa ndani ya kitenge isilowe. Mashua humvusha Ziwa Kivu hadi nchi kavu, kisha hutafuta pikipiki ya kumfikisha kituo cha mabasi cha Kamembe. Hapo ndipo safari yenyewe inapoanza.

Basi hupita Ntendezi, likapanda Gisakura na kuingia msitu wa Nyungwe, ambako kona hufuatana na ukungu huteremka hadi kwenye vioo. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye misuli yake hukaza yenyewe kila anaposhtuka, hapati raha katika kona hizo. Hutapika, hulia, hujinyoosha kama ubao mapajani mwa mama, na abiria wa kiti cha pili hugeuza uso dirishani. Msitu ukiisha ni Kitabi na mashamba yake ya chai, kisha Nyamagabe, Huye, Nyanza, na mwisho Gatagara, kwenye hospitali ya mifupa na utengamao ambayo Wanyarwanda wameijua kwa zaidi ya miaka 60.

Kufika ni jioni. Mama atalala huko. Kesho yake mtoto ataonwa, labda kwa saa moja, na keshokutwa watarudi walikotoka. Siku tatu zimekwenda, na kwenye kadi imeandikwa warudi tena.

Hesabu hiyo ndiyo iliyozaa makala haya. Tunapozungumzia tiba ya watoto wenye ulemavu wa viungo tumezoea kuhesabu vitanda, wataalamu na viti mwendo. Ni mara chache mtu hukaa akahesabu siku za mama, na nimeshawishika kwamba bila siku hizo kuhesabiwa, hesabu nyingine zote hutoka kombo.

Wilaya ya pembeni

Rusizi ndiyo Cyangugu ya zamani. Jina la mkoa huo lilifutwa kwenye mageuzi ya utawala ya mwaka 2006, ingawa wazee bado hulitaja. Ni kona ya kusini magharibi kabisa mwa Rwanda. Mashariki imezibwa na Nyungwe, magharibi ni ziwa na mto Rusizi, na ng'ambo ya mto unaona mabati ya Bukavu yakimeta. Kusini, katika bonde la Bugarama, ndipo Rwanda, Burundi na Kongo zinapokutana.

Wilaya ina sekta 18, ambazo wenyewe huziita imirenge, na sensa ya 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya 480,000. Kiswahili kilitangazwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini masoko ya Kamembe na Bugarama yalikuwa yameshakitumia muda mrefu bila kusubiri tangazo.

Hospitali za wilaya ni mbili, Gihundwe na Mibilizi. Chini yake kuna vituo vya afya, na chini ya vituo kuna wajumbe wa afya wa vijiji, abajyanama b'ubuzima. Mtu anayeitwa fiziotherapisti, ambaye hapa wengi humwita kwa ufupi "kine", neno lililobaki kutoka Kifaransa, humkuti kituo cha afya. Yuko hospitali. Na kutoka Bweyeye, sekta iliyojificha nyuma ya msitu kuelekea Burundi, hospitali ni mbali.

Sensa hiyohiyo ya 2022 ilihesabu Wanyarwanda 391,775 wenye ulemavu, sawa na asilimia 3.4. Ukisoma vizuri utaona kwamba hesabu inaanzia miaka mitano. Mtoto wa miezi minane ambaye shingo haijakaza hayumo. Wa miaka mitatu anayeburuzika kwa makalio hayumo pia. Umri ambao mazoezi huleta mabadiliko makubwa kuliko wakati mwingine wowote ndio uliobaki nje ya jedwali.

Waliopona

Kuna jambo la kheri nyuma ya tatizo hili, na lazima lisemwe kwanza. Mwaka 2000, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa Rwanda, 196 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa taifa wa 2019/20 ulikuta idadi hiyo imeshuka hadi 45. Wanawake 93 katika kila 100 walikuwa wakijifungulia kwenye vituo vya tiba. Nchi chache za bara hili zimepiga hatua ya namna hiyo katika miaka 20.

Lakini mtoto aliyechelewa kulia baada ya kuzaliwa, akakosa hewa kwa dakika kadhaa, zamani alizikwa; leo huokolewa. Njiti aliyezaliwa miezi miwili kabla ya wakati leo huishi. Aliyepata umanjano mkali siku za kwanza, au homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani katika joto la bonde la Bugarama, naye hupona. Baadhi yao hupona wakiwa na jeraha kwenye ubongo.

Jeraha hilo ndilo huleta mtindio wa ubongo. Jeraha lenyewe haliongezeki. Kinachoongezeka ni madhara yake mwilini: msuli usionyooshwa hufupika, goti hujikunja likagoma kukunjuka, nyonga huchomoka polepole kwenye kikombe chake, mgongo hupinda. Mtoto aliyekuwa mgumu kidogo akiwa na mwaka mmoja anaweza kuwa amejikunja kabisa akifika kumi, na ubongo wake haujaharibika zaidi hata chembe.

> Jeraha la ubongo haliongezeki. Kinachoongezeka ni madhara ya kuachwa bila mazoezi.

Ndiyo maana nasema kumwokoa mtoto wodini ni nusu ya kazi. Nusu ya pili hufanyika nyumbani, na hufanyika kwa miaka.

Urithi wa Padri Fraipont

Gatagara ilianzishwa mwaka 1960 na Joseph Fraipont, padri Mbelgiji aliyeupata uraia wa Rwanda na kuitwa Ndagijimana. Watoto wa wakati wake waliletwa na polio. Ugonjwa huo ulikausha mguu mmoja au miwili, ukaacha akili timamu na mikono yenye nguvu. Dawa ya mtoto kama huyo ilieleweka: mpasue kama kuna kano iliyokaza, mtengenezee chuma cha kushikilia mguu, mpe magongo, mpeleke shule, mfundishe ufundi. Vyungu na vikombe vya Gatagara vilivyojulikana nchi nzima vilitoka katika fikra hiyo.

Kwa mtoto wa polio, kukaa kituoni mwaka mmoja au zaidi kulikuwa na maana. Aliingia akitambaa, akatoka akitembea.

Polio ya asili ilionekana mara ya mwisho Rwanda mwaka 1993, na Agosti 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Kanda yake ya Afrika imeondokana nayo. Kinga haijaachwa. Julai 2023 watoto wa Rwanda walipewa matone upya kwa sababu virusi vilivyotokana na chanjo vilikuwa vinazunguka Kongo na Burundi, na wilaya inayopakana na nchi zote mbili ni hii tunayoizungumzia.

Mtoto anayebebwa leo kupitia Nyungwe, kwa hiyo, si yule wa Padri Fraipont. Huyu ana mtindio wa ubongo, au mgongo wazi, au maji kichwani, au mguu kifundo aliozaliwa nao. Mwenye mguu kifundo hutibika akapona. Wengi wa waliobaki hawatatoka popote "wakiwa wamepona". Wanahitaji mtu wa kuwageuza, kuwanyoosha, kuwalisha na kuwakalisha kila siku hadi ukubwani. Mfumo uliojengwa kwa ajili ya ugonjwa mmoja umerithishwa maradhi mengine.

Kituo au nyumbani?

Hapa ndipo watu wema wanapotofautiana.

Mwaka 2012 Rwanda iliamua kufunga vituo vya kulelea yatima na kuwarudisha watoto katika familia. Uchunguzi wa wakati huo ulikuta watoto 3,323 katika vituo 33. Mpango ukaitwa Tubarerere mu Muryango, yaani tuwalee katika familia. Hatua za kwanza ziliwahusu yatima. Zamu ya vituo vya watoto wenye ulemavu ilikuja baadaye, na ndiyo ngumu zaidi.

Wanaotetea vituo wana hoja nzito. Kituoni mtoto hunyooshwa kila siku na mtu aliyesomea. Chuma cha mguu kikimbana hurekebishwa siku hiyohiyo. Kuna darasa lisilo na ngazi na choo anachoweza kukifikia. Ukimrudisha kwenye nyumba ya udongo juu ya mlima, wanasema, umemrudisha sakafuni.

Wanaotetea nyumbani wana hoja nzito vilevile. Mtoto aliyekaa kituoni miaka mitatu hurudi akiwa mgeni kwa ndugu zake. Mama hajui mazoezi aliyokuwa akifanyiwa. Viatu vya chuma alivyokuja navyo vitakuwa vidogo ndani ya mwaka. Na kijiji kilichozoea kutomwona kinaona ni haki kuendelea kutomwona.

Kisha kuna watu wenye ulemavu wenyewe, ambao mara nyingi huulizwa mwisho. Vyama vyao viliungana mwaka 2010 chini ya mwavuli wa NUDOR, na nchi yao iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008. Kwao suala halianzii kwenye mguu. Linaanzia kwenye ngazi za shule, mlango wa choo, na mwalimu anayesema hana nafasi. Mazoezi ni sawa, lakini mtoto asisubiri kunyooka ndipo aitwe mwanafunzi. Timu ya wanawake ya Rwanda ya voliboli ya kukaa ilipokwenda Rio de Janeiro mwaka 2016, ikiwa ya kwanza ya wanawake kutoka kusini mwa Sahara kufika michezo ya Paralimpiki katika mchezo huo, hakuna aliyewadai kwanza wasimame.

Nikiulizwa niko wapi, niko nyumbani, pamoja na mtoto. Ila nina sharti moja, nalo ndilo linanikosesha usingizi. Ukifunga kituo na kumrudishia mama mtoto, umemrudishia pia kazi ya mtaalamu wa mazoezi, mlishaji, mwalimu na yaya, usiku na mchana, bila mshahara. Serikali inayosema mtoto ni wa familia inapaswa kuuliza familia hiyo itakula nini.

Saa 167

Juma lina saa 168. Mtoto akipata saa moja kwa fiziotherapisti kila juma, na kwa anayeishi Nkombo au Bweyeye hiyo ni neema kubwa, saa 167 zinazobaki yuko na mama yake. Mazoezi yanayomjenga ni yale ya saa hizo.

> Saa moja ni ya hospitali. Saa 167 ni za nyumbani.

Na mengi ya mazoezi hayo hayahitaji mashine. Mlaze kifudifudi juu ya kanga iliyoviringishwa chini ya kifua, mwekee kibuyu chenye mbegu mbele ya macho, atainua kichwa kukitafuta. Mkalishe kwenye pembe ya kuta mbili, mgongo upate pa kuegemea, mikono ibaki huru kushika. Ukimgeuza kulia leo, kesho mgeuze kushoto. Nyoosha kifundo, goti na nyonga taratibu, ushikilie, usivute kwa ghafla, kwa maana msuli uliokaza ukivutwa kwa nguvu hujibu kwa kukaza zaidi.

Kulisha ni somo kamili. Mtoto huyu asilishwe akiwa amelala chali. Chakula kikiingia njia ya hewa hupaliwa, na kupaliwa mara kwa mara huleta homa ya mapafu, ambayo ni moja ya mambo yanayowaua zaidi watoto wa aina hii. Akalishwe wima, kidevu kiinamishwe kidogo, kijiko kiwe kidogo, na mlishaji awe na subira. Mlo mmoja unaweza kumaliza saa nzima. Milo mitatu ni saa tatu. Na ugali wa familia nzima bado haujapikwa.

Kuna kifaa kimoja cha tiba ambacho bibi zetu walikibuni bila kwenda chuo, nacho ni mbeleko. Wanyarwanda huiita ingobyi. Mtoto wa mtindio wa ubongo mara nyingi miguu yake hubana na kukatana kama mkasi. Mgongoni mwa mama miguu hiyo hutanuliwa, magoti hupinda, nyonga hukaa mahali pake, na joto la mwili hulegeza misuli. Wataalamu wa mifupa wamegundua kwamba watoto wa kusini mwa Sahara ni nadra sana kuzaliwa na nyonga ikabaki imeteguka, na wengi wao huhusisha jambo hilo na kubebwa mgongoni. Kwa mwaka wa kwanza na wa pili, mama anayembeba mwanawe kwenda shambani anamfanyia tiba bila kujua.

Halafu mtoto anatimiza miaka sita. Ana kilo 16, 18, 20. Mgongo wa mama umechoka, na kiti hakuna. Huo ndio mwaka ambao wengi kijijini huacha kumwona mtoto nje, na nadhani ndio mwaka ambao tunapaswa kuuogopa kuliko mingine.

Mguu kifundo ni hadithi tofauti, na nafurahi kuisimulia kwa sababu ina mwisho mwema. Daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanyia kazi Iowa, Marekani, alionyesha kwamba nyayo zilizopinda tangu kuzaliwa hunyooshwa kwa mikono na kufungwa hogo, ambalo hubadilishwa kila juma kwa majuma matano hadi saba. Kwa watoto wengi hufuata mkato mdogo kwenye kano ya kisigino. Baada ya hapo mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, karibu mchana na usiku kwa miezi mitatu, kisha usiku tu hadi miaka minne au mitano. Mtoto huyo atakimbia.

Ila soma tena masharti. Safari kila juma, mfululizo, wakati mama bado ana mtoto mchanga wa siku kumi na tano. Kisha viatu vya usiku kwa miaka minne, vikibadilishwa kadiri mguu unavyokua. Miguu inayorudi kupinda hurudi hasa kwa sababu viatu viliachwa. Wodini huandikwa "mzazi hakufuata maelekezo". Hakuna safu ya kuandika alikuwa na nauli ngapi.

Mto katikati

Uchumi wa Kamembe ni wa mpaka. Wanawake huvuka kwenye vituo vya mpaka vya Rusizi ya Kwanza na Rusizi ya Pili kila siku na mboga, samaki, unga na nyanya kuuza Bukavu, wakarudi jioni na faida ya kununulia chakula cha usiku. Machi 2020 korona ilipofunga mipaka, faida hiyo ilikatika. Februari 2025 vita vilipofika Bukavu, wanawake haohao walisimama tena wakitazama ng'ambo.

Mwanamke wa biashara hiyo akiwa na mtoto wa kulishwa kwa saa tatu kwa siku, ama atamwacha na dada yake wa miaka tisa, ambaye atakosa shule, ama ataacha kuvuka. Akichagua kumpeleka Gatagara, siku tatu za safari ni siku tatu bila mauzo, na mtaji mdogo wa nyanya hauwezi kusubiri, huliwa.

Kwa mwendo, kituo kilicho karibu na Kamembe kuliko Gatagara kiko ng'ambo ya mto. Ni Heri Kwetu ya Bukavu, kituo cha watu wenye ulemavu wa viungo, ambacho jina lake pekee latosha kumtuliza mzazi. Lakini bima ya Rwanda haivuki daraja. Magonjwa huvuka, chanjo hupangwa kwa pamoja, nyanya huvuka. Kadi ya mtoto hubaki forodhani. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022, ina mikutano mingi. Naomba mmoja wao uchukue jambo hili dogo.

Nani analipa?

Mutuelle de santé, ambayo kila mtu huiita mituweli, imewakinga Wanyarwanda wengi na umaskini wa matibabu. Kwa miaka mingi kaya za kawaida zilichangia faranga 3,000 kwa kila mtu kwa mwaka, na fukara kabisa walilipiwa na Serikali. Ukifika hospitali na rufaa unalipa asilimia 10 ya gharama.

Kwa muda mrefu viungo bandia na vifaa vya kushikilia miguu havikuwemo katika orodha ya mituweli. Mapema mwaka 2025 Serikali ilitangaza kupanua orodha hiyo, na vifaa hivyo vikatajwa. Ni hatua kubwa, na familia za Rusizi zina haki ya kuifuatilia hadi dirisha la hospitali.

Nauli, hata hivyo, si huduma ya afya, kwa hiyo mituweli haiigusi. Chakula cha siku tatu nacho hakiguswi. Na siku zenyewe hazina mahali pa kuandikwa.

Mpango wa VUP, ulioanza mwaka 2008, hugawa msaada wa moja kwa moja kwa kaya zisizo na mtu wa kufanya kazi, na huwapa kazi za umma walio na nguvu. Mama wa mtoto asiyekaa alianguka katikati: kwa macho ya fomu ana mikono miwili na afya njema, anaweza kuchimba mtaro. Baadaye zikaongezwa kazi nyepesi za karibu na nyumbani kwa kaya zenye mzigo wa malezi. Mlango umefunguka. Kinachotakiwa ni sekta kumwandika mama huyu kwa kazi anayoifanya tayari, kwa kuwa kumlea mtoto mwenye ulemavu mkubwa ni ajira ya kutwa.

Kitu au mtu

Kinyarwanda kilikuwa na neno ikimuga, na limo katika ngeli ya vitu. Leo linakatazwa, husemwa umuntu ufite ubumuga, mtu mwenye ulemavu. Sisi wa Kiswahili tusicheke. Kilema, kiwete, kiziwi, kipofu, vyote tuliviweka pamoja na kiti na kikapu. Kubadilisha neno hakumnyooshi mtoto mguu, lakini anayemwita mwanawe "kitu" hatamtafutia shule.

Lawama nazo zina jinsia. Mtoto akizaliwa na mguu uliopinda, maswali huelekezwa kwa mama: alikula nini, alimkosea nani, ukoo wao una nini. Baadhi ya baba huondoka, wengine hubaki lakini hawamgusi mtoto. Nimesikia mengi kuhusu baba hawa, na mengine ni ya kweli. Ila mpango wa Bandebereho, uliowakutanisha akina baba wa Rwanda na wake zao kujifunza malezi katika wilaya kadhaa, ulipimwa kitaalamu na ukaonyesha kwamba ukatili dhidi ya wanawake ulipungua na wanaume walishika zaidi kazi za nyumbani. Baba anafundishika. Mtoto wa kilo 18 anayemlemea mama si mzigo kwa mwanaume anayebeba magunia ya mpunga Bugarama.

Watu wa kuanza nao wapo. Kila kijiji cha Rwanda kina wajumbe wa afya, na kina Inshuti z'Umuryango wawili, mwanamke na mwanaume, waliojitolea kulinda watoto. Mjumbe wa afya hupima watoto lishe. Akiwa amemshika mtoto wa miezi minne mikononi, ataona kama shingo imekaza. Wa miezi tisa ataona kama anakaa. Akifundishwa kuuliza maswali mawili na kujua pa kumpeleka, mtoto ataanza mazoezi kabla ya mwaka badala ya kuanza akiwa na miaka mitano, siku anayokataliwa shule.

Na fiziotherapisti wa Gihundwe au Mibilizi akipewa pikipiki na siku mbili kwa juma, akina mama kumi wa Nkombo wanaweza kumngoja kwenye kituo cha afya cha kisiwani. Yeye atavuka ziwa mara moja. Wao hawatavuka mara kumi. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT iliyaweka maneno "katika jamii" ndani ya jina lake tangu 1994, na kazi yake ya kuzifuata familia majumbani ilithibitisha kwamba mtaalamu anaweza kwenda kwa mtoto.

> Yeye atavuka ziwa mara moja. Wao hawatavuka mara kumi.

Miti miwili nyuma ya nyumba

Vifaa, kwa kiasi kikubwa, vinaweza kutengenezwa hapahapa. Zimbabwe, Bevill Packer alifundisha watu kutengeneza viti vya watoto kwa maboksi na magazeti yaliyogandishwa kwa uji wa unga, tabaka juu ya tabaka, hadi kiti kinabeba mtu mzima. Kijijini Ajoya, Mexico, watu wenye ulemavu waliofanya kazi na David Werner walitengeneza viti, magongo na viatu kwa mbao na ngozi za kwao, na kitabu kilichotokana na kazi hiyo mwaka 1987 kimefika vijiji vingi duniani. Kiti cha namna hiyo hupimwa kwa mtoto mmoja, kwa sababu kiti kikubwa kuliko mtoto humpindisha mgongo.

Katika vifaa vyote hivyo, ninachokipenda zaidi ni rahisi kuliko vyote. Unakata mikaratusi miwili myembamba, ambayo Rusizi haikosekani mlimani. Unachimbia nguzo nne fupi nyuma ya nyumba, unalaza miti hiyo juu yake sambamba, upana wa mtoto kupita katikati, na unaifunga kwa kamba usawa wa kiuno chake. Anashika kulia na kushoto. Siku za kwanza husimama tu, magoti yakitetemeka, mama amepiga magoti nyuma yake. Kisha huja hatua moja.

Mtoto akirefuka kamba hufunguliwa, miti ikapandishwa sentimita chache, ikafungwa tena.